Vumbi jeusi ndani ya maji ya kunywa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa kambi, umekwisha kuangalia chini ya kopo lako la maji?

Baba mmoja alituletea dispanseri chupa ya maji yenye vumbi jeusi chini. Kwake wanachuja maji katika ndoo yenye mchanga na makala ya kusagwa. Aliogopa kansa. Nikamwuliza: «Mukisha kuchuja, munachemsha?» Akajibu: «Ya nini, munganga? Maji ni safi, hata harufu haina tena.»

Tuanze na hofu yake. Makala ni kaboni, na tumbo haliwezi kuisaga: karibu yote inatoka na choo. Hospitalini mtu mzima aliyekunywa sumu anaweza kupewa gramu 50 za makala ya dawa kwa mara moja. Ni kweli kwamba katika mwaka 1996 wataalamu wa kimataifa wa kansa waliandika masizi ya viwandani kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa, lakini ushahidi wao ulikuwa wa panya waliovuta vumbi hilo kwa mapafu. Mapafu si tumbo. Kwa hiyo unaposaga makala, loanisha kwanza na ufunge kitambaa puani. Na usitumie makala ya mbao zenye rangi au zenye lami.

Sasa hatari yenyewe. Makala inashika harufu na rangi, lakini mikrobe wa kolera wanapita. Tena wengine wanakaa na kuzaana humo, kama makala haibadilishwi. Watu wengi wanakosea hapa: wanatia dawa ya klore katika maji, kisha wanayachuja. Makala inakula klore yote! Chuja kwanza, kisha tia klore, ngoja dakika 30. Au chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu.

Jambo lingine: makala inashika hata vidonge. Usimeze unga wa makala kwa ajili ya tumbo siku unapokunywa dawa ya malaria. Dawa itatoka nayo chooni.

Aliyemeza unga huo anapata choo cheusi, si kitu. Lakini choo cheusi kama lami, kwa mtu asiyemeza makala wala vidonge vya chuma, kinaweza kuwa damu ya tumbo. Huyo aje dispanseri siku ileile, asingoje mwisho wa zamu.