Kitabu cha Mbegu na Bustani ya Majira ya Machipuko



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za kitabu kisicho cha dini wala cha hadithi, ambacho katika nchi za baridi husomwa na jamaa nzima wakati theluji imefunika ardhi na jembe limetundikwa ukutani. Ni kitabu cha orodha ya mbegu. Wauza mbegu hukipeleka kwa posta kila mwaka, nacho kina picha za nyanya, kabichi, maboga na maua, na chini ya kila picha maneno machache na bei. Mwenye nyumba huchagua, huandika barua au siku hizi huagiza kwa intaneti, na pakiti za mbegu hufika mlangoni kabla ya majira ya machipuko, yaani wakati baridi iishapo na miti ianzapo kutoa majani.

Tumeona vema kuyaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, hasa wa kutoka Kongo, wamehamia Marekani katika miaka hii, na wengine wao wamepata vipande vya bustani huko. Mtu aliyezoea kupanda kwa kuangalia mvua, sasa hana budi kujifunza kupanda kwa kuangalia baridi. Pili, kitabu cha namna hiyo kilitufundisha sisi wenyewe somo kwa aibu, wala si haki kulificha.

Miaka kadhaa iliyopita mgeni kutoka Marekani alituachia kitabu chake. Wakati huo wazazi walikuwa wamechanga fedha kwa ajili ya bustani ya shule, ili watoto wapate mboga mchana, na ziada iuzwe kununua madaftari. Tuliona humo picha ya kitunguu kikubwa kama ngumi mbili za mtu mzima. Tuliagiza mbegu zake kwa kibali kilichotakiwa, tukatengeneza kitalu, tukaatika, tukapalilia na kumwagilia miezi mitano. Majani yalisitawi yakapendeza. Lakini siku ya kuchimba hatukupata vitunguu. Tulipata shingo tupu zenye mizizi, zisizofaa kuuzwa sokoni.

Muuza mbegu hakuwa na kosa lolote. Tulipokirudia kitabu, tuliona chini ya picha, kwa herufi ndogo, kwamba kitunguu kile ni cha nchi za mchana mrefu. Kitunguu hupima urefu wa mchana. Aina ile haianzi kufanya tunguu mpaka mwangaza wa siku ufikapo saa 14 au zaidi, kama ilivyo kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi chao. Hapa karibu na Ikweta mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Basi kitunguu chetu kilikaa kikiota majani tu, kikingojea siku ndefu ambayo kwetu haiji kamwe.

Tulisimama mbele ya wazee wa kanisa na wazazi, tukaeleza jinsi fedha zao zilivyopotea. Bibi mmoja mjane, ambaye naye alikuwa ametoa senti zake, akatuuliza kwa upole, “Mwalimu, si wewe uwafundishaye wajukuu wetu wasome mpaka mwisho wa ukurasa?” Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza na kusoma jinsi watu wa nchi za baridi wanavyokitumia kitabu hiki, nasi tumeona ya kuwa wenye busara miongoni mwao hawakisomi kwa macho yapendayo picha. Hukisoma wakiwa na kalenda, kipimo na kalamu.

Desturi hii ni ya zamani. Kampuni ya Landreth ilianza kuuza mbegu katika mji wa Philadelphia mwaka 1784. Mwaka 1876, katika mji ule ule, kijana wa miaka 18 aitwaye W. Atlee Burpee alianza biashara ya kupeleka bidhaa kwa posta, na mbegu zikawa ndizo zilizompa jina. Mwaka 1888 alinunua shamba la Fordhook karibu na Doylestown, akafanya humo majaribio ya mbegu. Mwaka 1902 kitabu chake kilitangaza mahindi matamu ya manjano yaitwayo Golden Bantam. Wamarekani wa wakati ule walidhani mahindi ya manjano ni chakula cha mifugo, kama wengi wa kwetu wanavyoyadharau hata leo. Lakini walipoyaonja, waliyapenda. Posta nayo ilisaidia sana. Tangu mwaka 1896 barua zilianza kupelekwa mpaka nyumba za wakulima wa mashambani, na mwaka 1913 ikaanzishwa huduma ya vifurushi, hata mkulima wa mbali akaweza kupata mbegu sawasawa na mtu wa mjini.

Sasa tueleze kazi yenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, kabla ya kufungua kitabu, pima kiwanja chako na kuhesabu walaji wako. Andika mboga ambazo watu wa nyumba yako hula kweli, si zile zipendezazo machoni. Jamaa ndogo hutosheka kwa miche minne au sita ya nyanya, na pakiti moja yatosha kabisa. Atakayeagiza pakiti saba kwa sababu picha ni saba, atatupa miche au atabananisha bustani, naye hatavuna vema.

Pili, tazama mbegu zilizobaki mwaka uliopita. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu upesi, baada ya mwaka mmoja au miwili. Za maharagwe hudumu kama miaka mitatu. Za matango hata mitano zikihifadhiwa mahali pakavu penye baridi. Ukiwa na shaka, funga mbegu kumi katika kitambaa chenye unyevu, ukiweke mahali pa joto, kisha uhesabu zilizochipuka. Zikiwa nane au tisa, usinunue nyingine. Zikiwa chini ya tano, nunua mpya.

Tatu, jua siku ya jalidi. Jalidi ni umande ulioganda, nao huua nyanya, maharagwe na maboga usiku mmoja. Kila mahali katika nchi hizo pana tarehe ijulikanayo ambayo kwa kawaida jalidi ya mwisho hupita. Tarehe hiyo ni ya wastani tu, na miaka mingine jalidi hurudi baada yake. Kwa hiyo mwenye hekima huongeza siku kadhaa. Katika vitabu vingi mna pia ramani ya kanda za baridi, iliyotolewa kwanza na serikali ya Marekani mwaka 1960 na kutengenezwa upya mwaka 2023, yenye kanda 13. Lakini angalieni: ramani hiyo yaonyesha ukali wa baridi kuu ya mwaka, nayo yawafaa wapandao miti na mimea ya kudumu. Apandaye mboga za msimu mmoja na atazame zaidi tarehe za jalidi.

Tuseme jalidi ya mwisho ya mahali fulani ni tarehe 15 Mei. Nyanya husiwa ndani ya nyumba, penye dirisha la jua au chini ya taa, majuma 8 kabla, yaani tarehe 20 Machi. Njegere zastahimili baridi, nazo husiwa nje majuma 6 hata 4 kabla, yaani kati ya tarehe 3 na 17 Aprili. Maharagwe hungoja mpaka ardhi imepata joto, kama tarehe 25 Mei. Ndiyo maana kitabu husomwa Januari: aagizaye mbegu za nyanya mwezi wa Mei amekwisha kuchelewa.

Nne, soma herufi ndogo. Hapo ndipo penye faida yote, na wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Utaona hesabu ya siku za kukomaa. Kwa maharagwe, karoti na maboga yasiwayo shambani, siku hizo huhesabiwa tangu kusia. Kwa nyanya na pilipili hoho, tangu kuatika miche nje. Nyanya za siku 75 zilizoatikwa tarehe 25 Mei zitaanza kuiva karibu na tarehe 8 Agosti. Lakini boga la siku 120 lililosiwa siku ile ile litakomaa tarehe 22 Septemba. Na kama jalidi ya kwanza ya mahali pale huja tarehe 25 Septemba, mkulima amebakiwa na siku tatu tu. Afadhali achague boga la siku 90, ijapokuwa picha yake ni ndogo.

Utaona pia herufi kama V, F na N karibu na jina la nyanya. Mbili za kwanza zaonyesha kwamba aina hiyo yastahimili magonjwa ya mnyauko, na ya tatu kwamba yastahimili minyoo midogo ya mizizi. Na ukiona F1, ujue hiyo ni mbegu chotara ya kizazi cha kwanza, iliyopatikana kwa kuchanganya wazazi wawili wa aina mbalimbali. Huzaa sana, lakini ukiweka mbegu zake, watoto hawatafanana na mama yao. Mtawa mmoja, Gregor Mendel wa mji wa Brno, alieleza sababu ya jambo hili baada ya kupanda njegere miaka mingi katika bustani ya nyumba yao ya watawa. Maandiko yake yalichapwa mwaka 1866. Basi mbegu chotara si mbaya, ila hununuliwa kila mwaka. Atakaye kuweka mbegu zake mwenyewe na achague zile za asili zisizo chotara.

Tano, chora bustani katika karatasi ya miraba. Katika nchi za kaskazini jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo mimea mirefu kama mahindi huwekwa upande wa kaskazini isifunike mifupi kwa kivuli. Nyanya, viazi mviringo, biringani na pilipili ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa. Usiipande palipokuwa na ndugu yake mwaka uliopita. Saladi na figili usizisie zote siku moja, bali kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili, ili meza isikose. Mchoro ukiisha, ndipo uandike barua ya kuagiza, na kila pakiti iwe na mahali pake katika karatasi. Isiyo na mahali, ifute.

Nasi tusiokaa katika nchi za jalidi tuna faida gani? Faida ni ile ile. Badala ya siku ya jalidi, sisi twahesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa mvua. Tena yatupasa kuuliza juu ya kila mbegu: ilizaliwa kwa ajili ya mchana wa namna gani, joto la namna gani, udongo wa namna gani? Na mtu asilete mbegu kutoka nchi nyingine pasipo kibali cha wakaguzi wa mimea, kwa maana ndani ya pakiti ndogo waweza kuingia ugonjwa wa kuangamiza mashamba ya wilaya nzima.

Msimu uliofuata tulinunua hapa hapa mbegu za Red Creole, kitunguu chekundu cha mchana mfupi kijulikanacho sana Afrika Mashariki. Hatukuonyeshwa picha yoyote. Vilitoka vidogo kuliko ngumi moja, lakini vilikuwa vitunguu kweli. Watoto walivila, na ziada ilinunua madaftari. Mafungu ya kwanza tulimpelekea yule bibi. Aliyapokea, akakigeuza kitunguu kimoja mkononi, akacheka.

Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi na kitabu cha mbegu ni kuketi kwa namna hiyo. Kukuza si kazi yetu. Lakini kupima, kuhesabu na kusoma mpaka mwisho wa ukurasa tumeachiwa sisi. Walimu, wafundisheni watoto hesabu hii kwa mifano ya bustani. Nanyi akina baba na akina mama, kabla fedha ya nyumba haijatoka mkononi, someni kwanza maneno yaliyo chini ya picha.