Kaboni Inayozama na Maji: Kutoka Bermuda Hadi Pasifiki (Sehemu ya Pili)

Mtu anapochuja chai, majani hubaki kwenye chujio lakini rangi na ladha hupenya mpaka kikombeni. Wanakemia wa bahari hufanya vivyo hivyo. Hupitisha maji kwenye kichujio ambacho matundu yake hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachonaswa ni chembe. Kinachopenya, ikiwa ni kaboni iliyotoka kwa viumbe, huitwa kaboni ogania iliyoyeyuka.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza habari za chembe: mabaki ya planktoni na kinyesi cha wanyama wadogo, vitu vinavyodondoka polepole hadi sakafu ya bahari. Hivyo huzama kwa uzito wake. Kaboni iliyoyeyuka haina uzito wa kuizamisha. Ili ifike kilindini, sharti maji yenyewe yaibebe.

Ukichota lita moja ya maji ya juu katika bahari kuu, utapata kaboni hii isiyotimia miligramu moja, ilhali chumvi ni gramu 35 hivi. Ni kidogo mno. Lakini bahari ni pana na ina kina kirefu, na jumla ya kaboni hiyo inakadiriwa kufikia tani bilioni 660. Hizo ni karibu robo tatu ya kaboni yote iliyomo katika hewa ya ukaa angani.

Chanzo chake kikubwa ni mwani mdogo unaoishi penye mwanga. Mwani huvuja, huliwa nusunusu, hupasuliwa na virusi, na yaliyomo ndani yake humwagika majini. Bakteria hula sehemu kubwa ya mmwagiko huo kwa saa au siku chache. Kinachobaki ndicho kinachosafiri.

Mahali palipoonyesha wazi safari hiyo inavyoanza ni Bahari ya Sargasso, karibu na visiwa vya Bermuda. Tangu Oktoba 1988 watafiti wamekuwa wakienda huko na meli mwezi baada ya mwezi, wakishusha chupa za kuchotea maji katika vina mbalimbali. Kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, kaboni iliyoyeyuka hujilimbikiza katika mita mia moja za juu. Tabaka hilo limepashwa na jua. Ni jepesi, na huelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Majira ya baridi yakifika, upepo na baridi huyapoza maji ya juu hadi yawe mazito. Hushuka na kuchanganyika na ya chini hadi mita 200 au zaidi, yakiichukua na kaboni ya kiangazi.

Mwaka 1994 Craig Carlson, Hugh Ducklow na Anthony Michaels walionyesha katika jarida la Nature kwamba kaboni inayoshushwa kwa njia hii mahali hapo hulingana na ile ya chembe zinazozama, au hata kuizidi. Mitego ya chembe iliyotundikwa baharini isingeweza kuinasa, kwa kuwa ilikuwa ni sehemu ya maji yenyewe. Kwa bahari zote za dunia, makadirio ni takriban tani bilioni 2 kwa mwaka, karibu moja ya tano ya kaboni yote ya viumbe inayoondoka tabaka la juu.

Hata hivyo, mita 200 si kilindi. Safari ndefu huanzia kaskazini zaidi. Mkondo wa Ghuba huyachukua maji ya joto ya Atlantiki na kuyapeleka kuelekea Greenland. Huko, katika Bahari ya Labrador na bahari za Nordiki, baridi kali huyafanya mazito kiasi cha kuzama zaidi ya mita elfu moja pamoja na kaboni yake. Kisha hutiririka kusini chini ya Atlantiki, huizunguka Antaktika, na mwishowe huingia Bahari ya Hindi na Pasifiki. Dennis Hansell wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake wamefuatilia njia hiyo kwa vipimo: kilindini mwa Atlantiki ya Kaskazini lita moja ina karibu miligramu 0.6 za kaboni hii. Kilindini mwa Pasifiki ya Kaskazini, mwisho wa njia, zimebaki karibu 0.4.

Yaani baada ya safari ya takriban miaka elfu moja, kilichopotea ni kama theluthi tu. Umri wake unashangaza zaidi. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel walipima kaboni-14, inayotumika kukadiria umri, katika maji ya kilindi cha Pasifiki na kukuta kwamba kaboni hii ina wastani wa miaka 6,000. Imeyapita maji yanayoibeba kwa umri, maana yake sehemu yake kubwa imeshapanda juu na kuzama tena, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuliwa.

Kwa nini hailiwi? Nianzhi Jiao na wenzake walieleza mwaka 2010 kwamba bakteria wenyewe, katika kula, huzigeuza molekuli laini kuwa sugu. Mwaka 2015 kundi la Jesús Arrieta liliongeza jibu jingine. Walipoikoleza kaboni ya kilindi, bakteria waliila na kuongezeka. Kumbe huenda aina zake ni nyingi mno, na kila moja ni haba mno, hata kuitafuta hakulipi.

Akiba hii inategemea baridi inayozamisha maji. Bahari inavyozidi kupata joto, tabaka la juu huwa jepesi zaidi, na kuchanganyika kwa majira ya baridi hupungua. Ndiyo maana tangu mwaka 2004 vyombo vilivyotiwa nanga katika latitudo ya nyuzi 26.5 kaskazini vinapima nguvu ya mzunguko wa Atlantiki bila kukoma.

Bahari ya Hindi ina mpango wake. Bara la Asia limeifunga kwa kaskazini, hivyo haina Labrador yake, na maji yake ya kilindi huingia kutokea kusini. Sehemu ya tatu itayafuata maji hayo, na kueleza kusi inavyoyainua maji baridi kwenye pwani ya Somalia.

Itaendelea.