Upanga hadi Pangani: somo la salamu

Jamani, wengi hudhani kijana wa mjini akihamia mji mdogo hushindwa na uhaba wa vitu. Mimi nilitoka Upanga, Dar, nyumba yenye dereva, nikahamia Pangani kwa bibi nikiwa na miaka 15. Kuteka maji nilizoea wiki moja tu. Kilichonishinda ni salamu: nilipita barazani kimya, kama tulivyozoea Dar. Siku bibi aliponituma unga wa mkopo, mwenye duka akauliza, "Wewe wa nani?" Nikarudi mikono mitupu, bibi akalala na chai ya rangi. Kumbe pale dhamana ni kujulikana, na kila shikamoo ni akiba. Basi watoto wetu tukiwapeleka nyumbani, tuwafunze salamu kwanza. Ndoo watazoea wenyewe.