Mafuriko na Nyumba za Kupanga: Mpangaji Akihama, Kodi Inadaiwa?

Mafuriko ya Aprili 2024 katika bonde la Mto Rufiji, yaliyofuatiwa na Kimbunga Hidaya mapema Mei, yaliwalazimu wakazi wengi wa wilaya za Rufiji na Kibiti kuyahama makazi yao. Maji yanapoingia katika nyumba ya kupanga au fremu ya duka, huacha mgogoro uleule: mpangaji hayupo, kufuli lake lingali mlangoni, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi yote aliyokuwa mbali.

Wengi hudhani kwamba mkataba ni mkataba, hivyo kodi hulipwa hata nyumba ikiwa imejaa tope. Sivyo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinaweka sharti linalohesabiwa kuwemo katika mkataba wa upangishaji hata kama halikuandikwa. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kodi husimama hadi nyumba itakapofaa tena kutumika. Uharibifu ukiwa wa sehemu tu, kinachosimama ni kiasi kinacholingana nao. Ikipita miezi sita bila nyumba kutengemaa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Kwa mfanyabiashara aliyelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kama ilivyo desturi yetu, kifungu hiki ndicho msingi wa kudai fedha za kipindi ambacho fremu haikufaa.

Hali ni tofauti kwa aliyeondoka ilhali nyumba ni nzima. Kuondoka kimya kimya hakufuti mkataba. Anayelipa kwa mwezi anatakiwa kutoa taarifa isiyopungua mwezi mmoja, na mwenye nyumba naye anabanwa na kanuni hiyohiyo anapotaka nyumba yake.

Ugumu mkubwa uko kwenye vitu vilivyobaki ndani: majokofu ya samaki, magunia ya mpunga, nyavu. Mwenye nyumba anayevunja kufuli na kuviuza ili kufidia deni anajitafutia kesi, hata kama deni ni la kweli. Lililo salama ni kumtafuta mpangaji kwa maandishi, na ikibidi kufungua, kufanya hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji au kitongoji na mashahidi, kuorodhesha kila kitu na kukihifadhi. Picha za simu zenye tarehe husaidia sana, hasa zile zinazoonesha maji yalifika wapi ukutani.

Wasipoelewana, hatua ya kwanza ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza hilo halitoi hukumu, bali husuluhisha. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kwenda huko bila hati.

Mkataba wa mdomo wa muda usiozidi mwaka mmoja unatambulika kisheria, ingawa kuuthibitisha ni kazi. Ule wa maandishi uwe umelipiwa ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi hadi ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu yake.