Juu ya Kumchagua Mhusika Umpendaye

Swali moja huulizwa sana shuleni na vyuoni, na hata barazani wapenda vitabu wakutanapo: "Katika hadithi ulizosoma, ni mhusika yupi umpendaye kuliko wote, na kwa nini?" Swali hili laonekana jepesi. Nakusudia katika makala haya kueleza kwamba si jepesi, na kwamba majibu yake aghalabu hayasemi kweli. Aulizwaye humtaja mhusika amsifuye, na hali ameulizwa ampendaye. Njia moja ya kuyatenga mambo haya mawili, nionavyo, ni kupima umbali uliopo kati ya mhusika na jina lake.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Zamani mtu mkubwa wa hadithi aliitwa shujaa, na wako waalimu waliolishika neno hilo hata leo. Shujaa ni neno la sifa. Alisikiaye hutazamia ushujaa, na akiambiwa achague mmoja, humchagua mwema. Neno mhusika halina sifa wala lawama. Latokana na kitenzi husu, na kwa hiyo mhusika ni yule tu ambaye jambo lamhusu, yaani lililomfika. Basi tuulizapo juu ya mhusika, twauliza juu ya mtu aliyefikwa na jambo. Lakini mwanafunzi hujibu kana kwamba ameulizwa juu ya shujaa.

Mimi mwenyewe nilijibu hivyo. Nilipokuwa nikisoma Ulaya, niliulizwa swali hili mbele ya wenzangu, nami nikamtaja Adili, wa kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Sikusema kweli. Kitabu nilichokuwa nikikirudia kila usiku chumbani mwangu kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Niliyempenda alikuwa Bwana Msa na kiko chake. Nilimtaja Adili kwa sababu jibu hilo lilikuwa na heshima.

Tofauti ya wawili hawa yaonekana tangu katika majina. Adili na nduguze, Hasidi na Mwivu, wamepewa majina yaliyo hukumu. Msomaji huijua tabia ya kila mmoja kabla hajatenda neno lo lote, na vitendo vyao huja kuthibitisha alichokwisha kuambiwa. Bwana Msa hana jina la namna hiyo. Msa ni ufupisho wa Musa, jina lipatikanalo katika kila mtaa wa Unguja, wala halituambii kama mwenye nalo ni mwerevu au mjinga. Yatubidi tumjue kwa kumsikiliza akizungumza na rafiki yake Najum, na kwa kumfuata anavyolifumbua fumbo la mauaji. Adili twapewa tayari. Bwana Msa twamtafuta wenyewe, na mtu tuliyemtafuta wenyewe hutukaa moyoni.

Pengine msomaji atasema kwamba, kama ni hivyo, mwandishi atoaye jina lenye maana amejifungia mlango. Sivyo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1978, mhusika mmoja aitwa Kijakazi. Mjakazi ni mwanamke mtumwa, na kiambishi ki- humdogosha zaidi. Naye mwanzoni analingana kabisa na jina lake: anamtumikia Fuad, mwenye mashamba, kwa mapenzi makubwa, wala haoni kwamba anaonewa. Hata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 hafunguki macho mara moja. Lakini taratibu anafunguka, na kila hatua aipigayo inamtoa katika jina lake, mpaka jina likawa dogo na mtu akawa mkubwa. Hapo ndipo msomaji anapompenda.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi, nami ninao wajibu wa kuueleza. Rosa Mistika ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1971, ambayo kwa muda ilikatazwa kusomwa katika shule za Tanzania. Jina hilo ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Rosa anapewa jina la usafi. Maisha yanampeleka kwingine, na mwisho anajiua. Mwanafunzi wangu mmoja alimchagua Rosa awe mhusika ampendaye. Nilimpunguzia alama, nikaandika pembeni kwamba hakulielewa swali, kwa kuwa Rosa si mfano mwema.

Miaka ilipita, nikaikuta karatasi ile katika majalada yangu, nikaisoma upya. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba anampenda Rosa kwa sababu baba yake alimpiga kwa barua ambayo si yeye aliyeiandika. Ni kweli: barua ilitoka kwa mvulana, na kipigo kikamwangukia msichana. Sikuwa nimeliona jambo hilo, ingawa kitabu nilikifundisha mara nyingi. Mwanafunzi alimwona mtu aliyefikwa na jambo; mimi nililitazama jina tu, nikapima ni kwa kiasi gani mwenye nalo amelikosea. Alikwisha kumaliza masomo, na alama zile hazikubadilika.

Yafaa nimtendee haki Adili pia. Wako wampendao kweli, na nadhani sababu yao haiko katika wema wake. Katika hadithi hiyo nduguze wamegeuzwa nyani, naye ameamriwa na jini kuwapiga kila usiku. Anawapiga, na kupiga kwenyewe kunamtia majonzi, kisha anawalisha. Mtu ambaye jina lake ni uadilifu anashika mjeledi juu ya ndugu zake. Kwa kitambo hicho jina halimtoshi, wala halimsaidii kujua la kufanya, nasi twamwona mtu badala ya mfano. Kama ningeulizwa tena leo, huenda ningemtaja Adili, lakini Adili wa usiku, si wa mchana.

Kwa hiyo nawashauri waalimu wenzangu watumie kipimo hiki. Mwanafunzi akikutajia mhusika, mwambie amweleze bila kulitaja jina lake wala sifa iliyomo katika jina hilo. Akishindwa, amesifu tu. Akiweza, apewe alama zake, hata kama aliyemchagua ni mlevi, mwizi au mwuaji. Kwani kumpenda aliyefikwa na jambo si kuyaridhia matendo yake. Wataalamu walio na mifano ya kuipinga rai hii, hasa kutoka katika tenzi za kale, nitashukuru wakiileta.