Kipando Chema na Jina Lake

Imepokewa katika Hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mambo manne ni katika furaha ya mja: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando cha raha. Matatu ya mwanzo husomeshwa sana. La nne hupitwa upesi, ilhali gari ndilo kipando chetu cha leo, na katika nyumba nyingi ndilo deni linalowanyima watu usingizi.

Tulitazame gari moja la Italia, Lancia Delta, gari dogo la familia lililoundwa kwa ajili ya wapendao daraja ya juu. Lina mafunzo mawili: moja katika kiti chake cha nyuma, na la pili katika jina lake.

Kampuni ya Lancia iliasisiwa mjini Turin mwaka 1906 na Vincenzo Lancia. Magari yake mengi yaliitwa kwa herufi za Kiyunani. Delta ni herufi ya nne, dada wa dali yetu, ambayo nayo ni ya nne katika hesabu ya abjadi. Delta ya kwanza ilitoka mwaka 1979, umbo lake likichorwa na Giorgetto Giugiaro, nayo ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1980. Waliofuatilia Safari Rally hapa Kenya watalikumbuka toleo lake la mashindano: Miki Biasion alishinda nalo mwaka 1988 na 1989, na Juha Kankkunen akashinda mwaka 1991.

Lakini mbio ni mbio, na familia ni familia. Fundisho la kwanza limo katika Delta ya tatu, ya mwaka 2008. Msingi wake ulikuwa ule ule wa Fiat Bravo, gari la kawaida, ila waundaji walirefusha nafasi baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa sentimita 10, ikafika mita 2.70. Ziada hiyo wakamnufaisha abiria wa nyuma. Kiti chake husogezwa: wakipanda watu wazima, miguu hupata pa kunyooka, ikizidi mizigo, buti hupanuka. Na katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP lilipata nyota 5.

Zingatia, ndugu msomaji, ni nani akaaye nyuma. Ni mama mzazi mwenye maumivu ya magoti. Ni mke aliyempakata mtoto tangu Mombasa hadi Malindi. Raha ya kipando hupimwa kwao, wala haipimwi kwa aliyeshika usukani peke yake.

Fundisho la pili ni la jina. Gari hilo hilo lilipopelekwa Uingereza mwaka 2011, liliuzwa kwa jina la Chrysler. Hata Delta ya kwanza iliuzwa Sweden kwa jina la Saab-Lancia. Bodi ile ile, viti vile vile. Kilichobadilika ni nembo. Basi aliyelinunua kwa ajili ya jina, alinunua nini hasa? Na jina lenyewe, pamoja na sifa zake zote, halikulinusuru: mwaka 2014 Delta ikaacha kuundwa.

Delta hiyo hatutaiagiza sisi, kwani sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini magari mengine ya majina makubwa yanashuka bandarini, na nafsi haiachi kutamani.

Pambo si haramu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Mola wetu amewataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na ni pambo. Ila tazama mpangilio: kupanda kumetangulia, pambo limefuata. Anayeanza na pambo amegeuza mambo juu chini.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, mume na mkewe na waketi washauriane, kwani kushauriana ni sifa ya waumini. Waulizane: Nani watakaa nyuma, nao wataenea? Likiharibika, yuko fundi anayelijua hapa mjini, na spea zake zapatikana kwa bei tunayoimudu? Fedha zitatoka wapi: ni akiba ya halali, au ni mkopo wa riba utakaokula ada ya skuli ya watoto na posho ya jikoni? Mke asiambiwe habari za gari siku linapoegeshwa mlangoni. Deni likishaingia nyumbani, naye hulila.

Likipatikana la kutosha, hata likiwa na jina dogo, tulipande kwa dua ya kupanda chombo, tukikumbuka kwamba tusingeliweza kulitiisha lau si Yeye. Mwenyezi Mungu aturuzuku vipando vya raha, atuepushe na israfu na riba, na awafikishe salama wote walio njiani. Amin.