Shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha nchini Marekani

Tiba ya usemi na lugha ni taaluma ya afya inayochunguza na kutibu matatizo ya kusema, kuelewa lugha, sauti na kumeza. Nchini Marekani mtaalamu huhitaji shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Cheti cha kitaifa hutolewa na Chama cha Marekani cha Usemi, Lugha na Usikivu (ASHA), kilichoanzishwa mwaka 1925.

Masomo

Wanafunzi husoma anatomia ya kinywa, koo na ubongo, fonetiki, ukuaji wa lugha ya watoto, kigugumizi, na afasia, yaani kupoteza uwezo wa lugha baada ya kiharusi au jeraha la ubongo. Kumeza pia kumo, kwa kuwa viungo vingi vya kusemea ndivyo vya kumezea. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa bila hata kukohoa. Chakula kikiingia mapafuni huweza kumletea nimonia.

Mazoezi

Anayetaka cheti hutakiwa kutimiza saa 400 za mazoezi: 25 za kutazama wataalamu wakifanya kazi na 375 za kuhudumia watu chini ya usimamizi. Baadaye hufanya mtihani wa kitaifa na kazi ya majaribio isiyopungua wiki 36. Ili kufanya kazi huhitaji pia leseni ya jimbo.

Tofauti na tatizo

Mwanafunzi hufundishwa kutenganisha tatizo la usemi na athari ya lugha nyingine. Kwa mfano, Mkikuyu anayechanganya "r" na "l" anapozungumza Kiswahili hana ugonjwa. Lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti hizo. Vivyo hivyo, mtoto wa familia ya wahamiaji hapaswi kupimwa kwa Kiingereza peke yake. Akikosewa, huenda akapewa tiba asiyoihitaji, au tatizo la kweli likadhaniwa ni ugeni wa lugha tu. Tatizo la lugha lenyewe huonekana katika lugha zote anazozijua, hivyo mzazi na mkalimani ni muhimu katika uchunguzi.

Nchi nyingine

Si kila nchi inadai uzamili. Uingereza mtu anaweza kuanza kazi akiwa na shahada ya kwanza. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya taaluma hii mwaka 2008.